Obuya Alitaka Magunia

Obuya hutunza nyua za watu sita hapa Mutuini, na kwa mwendo wake huwezi kujua kama yuko kazini au anasubiri mvua ipite. Zamani alikuwa akiswaga ng'ombe kuwapeleka kichinjioni Dagoretti, hadi fahali mmoja alipomvunja mguu. Sasa hushika jembe na husema maneno machache, mengi ya kukera.

Mwezi wa tatu nilimwita apande nyasi mbele ya nyumba. Wazazi wa kijana anayemposa binti yangu Ivyne wangefika baada ya wiki nane, na shemeji zangu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba tangu mume wangu, Mwalimu Okinyi, afariki, boma lake limebaki vumbi. Sikutaka wageni wakute vumbi.

Mbegu zikamwagwa. Ilibaki kuzifunika, ndege wasizile wala jua lisizikaushe.

"Tuweke magunia, Mama Ivyne," akasema Obuya. "Zile za katani. Niko nazo."

"Magunia mbele ya nyumba ya mwalimu? Watu watasema tunaanika mahindi."

"Wacha waseme."

Nilikuwa nimesoma kwamba nyasi kavu ndizo bora, kwa kuwa hushika unyevu na kupitisha hewa. Nikaagiza marobota manne.

"Hiyo ni chakula," akasema.

"Ni matandazo, Obuya. Nimesoma."

"Ng'ombe hazijasoma, mama."

Nikamwambia atandaze tu. Akatandaza vizuri, nami nikamsifu.

Barabara yetu ndiyo hupitisha ng'ombe wa kichinjioni. Asubuhi ya Alhamisi nilimfungulia lango muuza maji, na kabla sijalifunga ng'ombe tisa walikuwa ndani, vichwa chini, wanatafuna. Mchungaji wao, Mbaluka, aliegemea fimbo.

"Watoe ng'ombe wako," nikamwambia.

"Mama, si wewe umeandaa meza? Sasa unafukuza wageni?"

Obuya akatoka nyuma ya nyumba, akapiga mluzi mmoja wa zamani, nao wakamfuata hadi barabarani. Waliacha matope, kinyesi na nyayo zenye kina cha bakuli. Obuya akachukua jembe lake, akaanza kuzoa kinyesi. Angesema "nilikuambia", ningepata la kumjibu.

Zilikuwa zimebaki wiki saba. Tukasawazisha udongo, tukapanda upya. Kisha Obuya akasimama, akiangalia mawingu.

"Haya, leta hayo magunia," nikasema.

"Yako stoo, mama. Nilileta siku ile ya kwanza."

Alipoyatandika, jirani yangu Philister alichungulia juu ya ua. "Mama Ivyne, siku hizi unauza kahawa?" Kweli, kila gunia lilikuwa na jina la chama cha wakulima wa kahawa kwa herufi za buluu.

"Obuya, geuza yote. Maandishi yakae chini."

Akageuza moja moja, bila haraka.

Siku ya tisa niliinua pembe ya gunia moja. Nyuzi za kijani zilikuwa zimejaa kila mahali.

"Wacha kufunua-funua, mama," akasema Obuya. "Kesho tutatoa yote pamoja."

Nikalirudisha.