Figo ya Kurudisha Saa Kumi

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba ukurasa wa intaneti ukihifadhiwa na mtu mmoja, watu wengine wote duniani hawauoni mpaka aurudishe. Msinicheke bado. Aliyeniambia ni fundi simu wa stendi ya Nangurukuru, mtu anayefungua simu iliyokufa kwa kisu cha kumenyea machungwa na ikafufuka. Mtu wa namna hiyo akikwambia kitu, humwombi ushahidi.

Nilikuwa natoka Lindi kwenye mafunzo ya wakutubi wa shule. Mkufunzi alituonyesha mambo mawili: mtandao wa kuandika ujumbe mfupi ambao dunia nzima inausoma, na tovuti ya kukusanyia linki, kama rafu yako mwenyewe ambayo watu wengine wanaruhusiwa kuichungulia. Alipotaka kueleza inavyofanya kazi, umeme ukakatika. Tukapewa soda, tukaruhusiwa. Kwa hiyo elimu iliyobaki nikaimalizia kwa fundi wakati nasubiri gari.

"Sasa nikiuhifadhi ukurasa, kule ulikotoka inakuwaje?" nikamuuliza.

"Si umeshauchukua, mzee? Kule panabaki peupe," akajibu bila kuinua macho kwenye simu ya watu.

Nikaona ni sawa kabisa. Mimi cheti cha kidato cha nne nimekipata kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari na ndevu na watoto, na ukutubi nimejifunza kwa kuazimisha vitabu. Kitabu kikitoka rafuni, rafuni hakipo. Kuna kipi cha kubishana hapo?

Shuleni kwetu, njia ya kuelekea Njinjo, kidato cha nne walikuwa wanakaribia mtihani wa taifa. Kitabu cha biolojia kilichobaki na majalada yake kilikuwa kimoja tu, nacho mtu alishachana kurasa za figo, Mungu anamjua. Mwalimu wa biolojia, dada mmoja ambaye sauti yake ilishakwaruza kwa kufundisha madarasa yote peke yake, akanifuata maktaba.

"Kaka, nitafutie figo. Na jicho, na ua. Hawa watoto wataingia kwenye mtihani hawajui figo ilivyo ndani, na mimi ubaoni siwezi kuchora hata embe."

Nikamwahidi, na uchovu wangu ukaanzia hapo. Asubuhi nawasha kompyuta ya maktaba, natafuta figo, natafuta jicho, natafuta ua, nahifadhi moja moja. Mtandao wa kwetu una maringo ya bibi harusi. Unaweza kuinjika maharage yakaiva, yakaliwa, na vyombo vikaoshwa, ukurasa haujamaliza kufunguka. Mchana wanafunzi wanakuja kwa zamu kuchora. Ikifika saa kumi nafuta zote, moja moja, ili watoto wa Lindi na Kipatimu nao wapate. Kesho yake naanza upya. Kuna siku ukurasa ulikataa kabisa kufunguka, nami nikajua: Kipatimu wamewahi. Nikakaa nikasubiri kwa adabu.

Na kwa kuwa kuchukua kitu cha watu kimyakimya si uungwana, kila siku nilikuwa natoa taarifa kwenye ule mtandao wa ujumbe mfupi. Tatizo nafasi yenyewe ni finyu. Nikishasalimia, nikawajulia hali wazee, watoto na mikorosho, nafasi imekwisha na figo sijaitaja. Ikabidi salamu ziende peke yake, kisha ndiyo nifuatishe: "Ukurasa wa figo ninao mimi. Naomba mnivumilie hadi saa kumi." Jioni tena: "Figo nimeirudisha. Ahsanteni kwa subira."

Wafuasi wakaja kama siafu. "Soma taratibu mzee, sisi tupo," akaandika mmoja wa Mombasa. Mwingine akaandika, "Mkutubi, fanya haraka, nina mgonjwa hapa anaisubiri hiyo figo!" Huyo nilimwombea dua, kisha nikairudisha saa nane badala ya saa kumi, wanafunzi wakiwa bado wanachora mshipa wa kwanza.

Nikakonda. Nilichoka mpaka kivuli changu kikawa kinatangulia kukaa chini. Macho mekundu, shingo imekakamaa, usingizini vidole vinafuta linki kwenye mto. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, hiyo maktaba mnaazimisha vitabu au mnapasua mbao?"

"Kuhudumia dunia nzima ni kazi nzito, mke wangu."

"Basi dunia ije ikusaidie kuchota maji," akasema, akanipa ndoo.

Wiki moja kabla ya mtihani, mwalimu wa biolojia akaja na wasichana wake. Saa kumi ilikuwa imepita kidogo.

"Fungua figo, kaka. Leo wanamalizia."

"Nimesharudisha."

"Umerudisha wapi?"

"Mtandaoni. Saa kumi imepita, mwalimu. Watoto wa Kipatimu nao wana mtihani."

Wasichana wakaanza kufinyana kwa kicheko. Yeye hakucheka.

"Kaka, utani wako naupenda, ila leo sina nguvu nao. Nusu ya hawa wana figo zisizo na mirija. Kila siku tukifika katikati unatufungia. Nilidhani ni bando limeisha."

"Si bando. Ni haki za watu," nikasema, na sauti yangu ikatetemeka, maana nilikuwa nimechoka na sikutarajia kulaumiwa kwa kuwa mwaminifu. "Nikikaa nayo mimi, wenzetu wanaona peupe. Unataka wafeli wao?"

Naona hapo ndipo alipojua kwamba sitanii. Akavuta kiti, akakaa, akatoa simu yake na kuandika kwa taratibu, mtandao nao ukamwonea huruma: figo ikatokea. Kisha akaigeuza kompyuta upande wake, akaitafuta humo pia. Ikatokea figo ileile, na ya kwenye simu ikabaki palepale, nyekundu, na mirija yake yote. Akaziweka sambamba mbele yangu. Wasichana hawakungoja kuambiwa. Walishafungua madaftari, wengine wameinamia simu, wengine kompyuta, penseli zinakwenda.

"Ukurasa hauazimwi, kaka," akasema, sauti karibu imekwisha. "Watu wote wanausoma kwa wakati mmoja na haupungui. Ukihifadhi linki unakuwa umehifadhi njia ya kufika tu, ukurasa wenyewe upo kulekule. Usifute tena kitu. Nenda nyumbani ukalale."