Vioo Chumbani kwa Bibi

Wiki iliyopita nilikwenda mazikoni Bagamoyo, nikapita kichochoro cha nyumba yetu ya zamani. Vile vioo bado vipo. Mgeni niliyefuatana naye akavisifu sana, nami nikamjibu vibaya, masikini, bila kumweleza sababu. Wewe nitakueleza taratibu.

Nyumba zetu za mawe zilikaribiana hata mkono wa bibi dirishani ulikutana na mkono wa jirani yake katikati ya kichochoro. Madirisha yalikuwa na fito za mbao tu, zenye upenyo mpana wa kupitisha bakuli. Upepo ulipita, na moshi wa kuni, na harufu ya kahawa. Bakuli la uji likitoka kwetu lilirudi na vitumbua. Kurudisha bakuli tupu ilikuwa aibu kubwa. Jirani yule miguu ilimwisha nguvu, hatoki. Babu alipofariki, bibi naye akakaa eda, hatoki. Basi elewa: dirisha lile ndilo lililokuwa njia yao pekee.

"Shoga, umeamkaje?" bibi aliita kila alfajiri.

"Nimeamka na miguu ileile. Ningepata pa kuazima mingine, ningekuletea vitumbua mwenyewe."

Mimi, mjukuu wake niliyelala chumbani mwake, nikicheka kitandani, bibi alinigeukia. "Unacheka nini, mke mwenza? Mume katufia sote, wewe unacheka!"

Ndipo ami, mdogo wake baba, akarudi kutoka Unguja na sanduku la vioo vinene kama matofali. Viling'olewa kwenye sitaha ya meli kuukuu, ambako kazi yake ilikuwa kupitisha mwanga chini. Ami alikuwa ameona vioo katika nyumba za Wazungu, akataka nasi tuwe navyo kabla ya mtaa mzima. Akaongeza kwamba haifai sauti ya mjane isikike kichochoroni. Bibi hakuulizwa. Hata neno moja!

Mwashi akang'oa fito za dirisha la bibi, akaanza kupanga vioo kwa chokaa. Jiwe la matumbawe, ukitaka chokaa ilishike, sharti ulinyweshe maji kwanza. Mwashi kwa mazoea akavilowesha na vioo. Kioo hakinywi maji. Asubuhi tukakuta safu ya chini imeteleza, chokaa inachuruzika ukutani.

"Mwashi," bibi akamwambia kutoka nyuma ya pazia, "umekinywesha kisicho na kiu. Iache kazi hii basi, ni ishara."

Hakuiacha. Alivikausha, akakoroga chokaa nzito yenye mchanga mwingi, akazungushia mbao mpaka ikashika. Chumba kikajaa mwanga wa kijani, na joto la tanuri.

"Mama, tazama mwanga huo!" ami alijisifu.

"Nitaula, mwanangu? Nitazungumza nao?"

"Vumilia eda iishe. Nitakutobolea kidirisha."

Tangu hapo walikuwa wakigonga. Bibi anagonga kioo, jirani anagonga mbao ya dirisha lake. Mabakuli niliyapitisha mimi mlangoni, lakini mazungumzo ya wanawake waliojuana tangu wakiwa wari mtoto atayabeba vipi? "Kasema nini?" bibi aliniuliza, nami nusu nimesahau njiani.

Jirani alikufa kabla eda haijaisha. Tulisikia sauti nzito, kama za watu walio chini ya maji. "Wanalia au ni harusi?" bibi akauliza, nikatumwa kutazama. Niliporudi nikamweleza, aligonga kioo kama alivyozoea, akangoja.

Alipotoka eda, kwanza alivuka kichochoro, akaketi chumbani kwa marehemu, akatazama kwetu. Katika vioo aliona anga na ukuta tu.

"Kumbe hata kivuli changu alikuwa hakioni," akasema. "Nami kila siku nikimpungia mkono."

Ami hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake, na hilo hunikasirisha zaidi, kwa maana mtu unayempenda humwulizi? Kidirisha hakikutobolewa. Siku hizi mtaani kwetu hakuna anayeita mwenzake dirishani. Watoto wa pale hata hawajui kwamba watu waliitana. Mimi nilipokuwa mtu mzima nilimwambia ami avivunje vioo vile. Akanijibu kwamba mfano wake haupatikani tena.

Na wale wanawake wawili je, wanapatikana?