Mshtakiwa wa Kitivo cha Sheria

Attakora Donkor alikuwa amefungwa mara thelathini, na maishani mwake hajaiba hata sindano.

Kitivo cha Sheria cha Ahenkan kilianzia kwenye ghala la kakao, na wanafunzi kumi na wanne wa stashahada. Attakora aliajiriwa kufagia. Siku ya kesi ya kwanza ya mafunzo wakakosa mshtakiwa, maana kila mtu anataka uwakili, nani akubali kizimba? Mkuu wa kitivo akamwona mlangoni na ufagio wake. "Bwana, hebu njoo usimame hapa." Akasimama. Wakamfunga miaka minne.

Basi ikawa desturi. Ikaja shahada, likaja jengo la ghorofa, yakaja masomo ya jioni kwa watu wenye kazi zao, hata shahada ya uzamili ikaja. Kizimba kilibaki kile kile, na ndani yake Attakora. Sokoni wakimwona wanauliza, "Mfungwa, umetoka lini?" Mkewe Birago naye humpokea mlangoni: "Mwaka huu wamekupa mingapi?" Alicheka nao, lakini ilimuuma.

Kilichomuuma hasa si kufungwa. Kila mwaka alipewa kurasa tatu za maelezo ya mshtakiwa, akazihifadhi neno kwa neno huku akipanga viti. Na kila mwaka wakili wake humnong'oneza, "Mjomba, wewe nyamaza tu, utaniharibia." Kisha anampa mgongo na kumsomea jaji hukumu za zamani, kwa kuwa huko ndiko ziliko alama. Miaka thelathini, hakuna aliyemuuliza swali hata moja!

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Mwisho wa mwezi anastaafu.

"Safari hii naachiwa," alimwambia Birago Jumamosi asubuhi.

"Na sura hiyo? Nani akuachie?" Hata hivyo alimpigia shati pasi mara mbili.

Wakili aliyepangiwa alikuwa Dufie, muuguzi wa miaka arobaini na ushee, mwanafunzi wa jioni. Vijana wa mchana walishamchoka. "Sista, hapa si wodini," walimtania. Alikuja na jalada jembamba, kitabu hata kimoja hana. Nimekwisha, Attakora alijisemea.

Shtaka lilikuwa wizi wa baiskeli. Kijana wa upande wa mashtaka aliporomosha hukumu tisa bila kumeza mate. Profesa Tenkorang, aliyekaa kama jaji, akamgeukia Dufie. Dufie akatembea moja kwa moja hadi kizimbani.

"Mjomba, siku ile ulikuwa wapi?"

Attakora akatazama nyuma yake, kama kuna mwingine.

"Nakuuliza wewe, Mjomba."

Wanafunzi wenzake wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti, "Huyo anapima homa." Dufie hakugeuka. "Mgonjwa huulizwa kwanza," alisema, na akasubiri.

Sauti ya Attakora ilitoka ikikwaruza. "Nilikuwa mazikoni Bepoase, mheshimiwa. Tangu asubuhi hadi saa kumi. Mtangazaji wa rambirambi alinitaja kwa jina kwenye kipaza sauti, nikainuka kusalimia."

Dufie akaomba mlalamikaji, mwenye baiskeli, arudishwe. Kijana aliyeigiza mlalamikaji akapekua karatasi zake, maana hakutegemea kuitwa tena.

"Uliporudi ukakuta baiskeli haipo, ulikuwa umetoka wapi?"

"Mazikoni. Bepoase."

"Ulimsikia mtangazaji akimtaja huyu mzee?"

Kijana akasoma chini kabisa ya ukurasa. "Nilisikia. Nilimwona akiinuka."

Kila mwaka jibu lilikuwa ndani ya majalada, mbele ya macho yao. Profesa Tenkorang akamtazama mfagizi wake.

"Mshtakiwa, mahakama inakuachia huru."

Attakora akashuka, na miguu kwa mazoea ikampeleka kushoto, kwenye mlango wa mahabusu, ambao ni stoo ya mafagio. Dufie akamshika mkono.

"Siyo huko, Mjomba. Anayeachiwa anatokea mbele."

Akapita katikati ya viti alivyovipanga mwenyewe asubuhi, akatoka hadi kwenye ngazi, machozi yanamtiririka na wala hakuyaficha. Akampigia Birago simu.

"Wameniachia."

Birago hakutania. "Wamekuachia kweli?"

"Wameniuliza, Birago. Yule mama ameniuliza nilikuwa wapi."

"Basi njoo nyumbani," alisema mkewe, "uje uniambie na mimi."