Mifuko Kwenye Uchanja

Nikifor alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima, hapana. Huu ni wa kuokota kitu kilekile kila siku, kesho unakikuta tena kichakani kinakucheka.

Kazi yake ilikuwa dampo. Baraza la kijiji lilimpa glavu na fimbo yenye msumari, likamwambia azuie mifuko ya plastiki isipeperuke. Jamani, uzuie upepo kwa msumari! Huku Alaska, kwenye mto Kuskokwim, upepo hauna pa kujikwaa. Mti wa maana hamna, kilima hamna, ni nyika tupu mpaka baharini. Mfuko unatoka dukani asubuhi umebeba kopo moja la maziwa, jioni uko dampo, kesho yake umenasa kwenye vichaka vya mtoni unapiga kelele pa! pa! pa! Na ukishaingia majini hauozi. Bata bukini wanaumeza, samaki wanauzunguka, wewe utakufa utauacha.

Watu wenyewe si wabaya. Wakimpita na pikipiki zao za magurudumu manne wanampungia mkono: "Asante Nikifor, kazi nzuri!" Halafu haooo, mpaka dukani, wanarudi na mifuko mingine. Hilo ndo lilimchemsha damu. Asante ya nini kama unakwenda kuniletea mingine? Lakini hakusema. Huku mtu mzima hamkaripii mwenzake hadharani. Ukikaripia, aibu inabaki kwako wewe. Basi anameza, na hayo ya kumeza ndo yanachosha kuliko fimbo.

Duka lilikuwa la Fritz, mtoto wa shangazi yake. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba kwetu ni watani. Hapo ndo unasema chochote, na atakayenuna ameshindwa.

"We Fritz, kiberiti kimoja unakitia mfuko wa nini?"

"Nakulindia kazi, mtani wangu. Nisipotoa mifuko baraza litakufukuza, uje kuramba sufuria yangu."

Dukani watu wakavunjika mbavu. Nikifor naye akacheka. Ndo sheria, lazima ucheke.

Mwaka ule samoni, samaki wanaopanda mto kila kiangazi, walikuwa wachache. Serikali ikafunga mto, marufuku kuvua, ikawa inaufungua kwa kudonoa, siku moja moja. Siku moja redio ya upepo, ile ya kuitana nyumba kwa nyumba, ikatangaza: kesho asubuhi mpaka jioni, tegeni, na pengine hakuna siku nyingine tena. Ujue baridi ya huku haina utani. Usipokuwa na samoni wa kukausha, utakula kuku wa dukani aliyepanda ndege, na bei yake ni ya ndege yenyewe. Agrafina, mke wa Nikifor, alikuwa ameshasugua uchanja wa kuanikia samaki mpaka unang'aa. Ulikuwa mtupu.

Wakatoka na boti, wakamwaga wavu. Haukukaa sana, maboya yakazama.

"Vuta!" Agrafina akapiga kelele. "Vuta mume wangu, ni wengi!"

Wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Kilichopanda ni donge la mifuko, imejaa matope, imejisokota kwenye wavu kama utumbo. Wavu wote umejikunja, umechanika katikati. Na pembeni hapo samoni wanapita zao, unawaona migongo. Wakakaa kukata na kuchomoa, vidole vimekufa ganzi kwa maji ya barafu. Kuja kuutandaza wavu vizuri, redio ikasema: toeni nyavu, mto umefungwa.

Samaki waliowapata hata nguzo moja ya uchanja wasingeifunika.

"Sasa?" Agrafina akauliza.

"Sasa nini?"

"Sasa Januari tunakula nini, Nikifor?"

Nikifor alikuwa anaangalia mfuko mkononi. Una bata mwekundu, alama ya duka la Fritz. Huenda aliwahi kuuokota mwenyewe, ukamtoroka.

Kijijini habari haina miguu lakini inafika kabla yako. Jioni wako mezani, redio ikaita.

"Nikifor, Nikifor, Fritz hapa. Nasikia mtani umevua mifuko. Agrafina ataichemsha au ataikausha? Mnibakishie kichwa!"

Kila nyumba ina redio, na unasikia kabisa kijiji kizima kinacheka. Agrafina akashika redio kama anataka kuitupa mtoni.

"Na wewe umekaa tu!"

"Mtani hakasirikiwi, mke wangu."

"Basi mjibu!"

Kwa mdomo hakuwa na nguvu. Lakini akakumbuka kitu: samaki wa kwanza huku hawakai nyumbani kwako, wanapelekwa kwa wazee. Na mzee wake ni shangazi Olinka, mama yake Fritz, anayeishi uwanja mmoja na mwanawe.

"Leta maji," akamwambia mkewe. "Tuoshe samaki wa shangazi."

Asubuhi Fritz alitoka nje anajikuna tumbo, akakuta watu wamejaa uwanjani kwake. Kwenye uchanja wake imeanikwa mifuko, imepasuliwa katikati vizuri kama samoni, imepangwa mstari kwa mstari, mabata mekundu yote yanamtazama yeye.

"Nini hii?"

"Fungu lenu, mtani," Nikifor akasema. "Ulitaka kichwa. Nikaona ni uchoyo, nimekuletea mpaka mkia."

Watu wakalia kwa kicheko. Fritz akacheka, atafanyaje? Uso umemwiva kama bata wake.

Shangazi Olinka akatoka na kisu chake cha nusu mwezi, tayari kukata samaki. Macho yake hayaoni vizuri. Akashika wa kwanza, akaupapasa, akauachia.

"Nikifor mwanangu, samaki wako wapi?"

"Walipita, shangazi. Wavu ulijaa hivi."

Bibi hakucheka. Akachomoa mfuko mmoja, akamnyooshea mwanawe.

"Mwana wa kaka yangu Januari atakula huu? Haya, tafuna wewe kwanza. Tafuna nione."

Fritz, na mdomo wake wote ule, akaangalia chini.

Zawadi huku haiachwi bila jibu. Jioni Fritz alikuja kwa Nikifor amebeba gunia la unga, ndani kuna nusu ya samoni wake wote.

"Chukueni. Gunia mnirudishie, nina kazi nalo."

Akashika redio ya Nikifor hapohapo: "Fritz hapa. Kuanzia kesho mifuko hamna. Njooni na magunia, foronya, vikapu vya nyasi vya bibi zenu. Wa mikono mitupu atabebea kwenye kofia."

Sauti ya mama mmoja ikadakia, maana huku choo cha ndani ni ndoo inayotandikwa mfuko: "Na ndoo ya choo tutaitandikia nini?"

"Ioshe, mama!"

Nikifor hakuyasikia mengi. Alishalala kwenye kiti, glavu mkononi.

Usifikiri mambo yalinyooka. Wiki za mwanzo watu walimtukana Fritz waziwazi, mmoja aliacha maziwa kaunta akaondoka. Samaki wakaisha kabla barafu ya mtoni haijavunjika, Nikifor na mkewe wakala kuku wa ndege na nyuso ndefu. Theluji ilipoyeyuka, mifuko ya zamani ikaibuka kwenye matope mingi vilevile, nusura alie. Akaanza upya na fimbo yake. Ila alipovirudia vichaka alivyovisafisha mwanzo, akavikuta kama alivyoviacha. Bata bukini amejenga kiota humo, nyasi tupu, hakuna hata kipande cha plastiki. Akasimama pale hajui afanye nini. Hajawahi kumaliza sehemu maishani.

Julai mto ukafunguliwa tena, siku moja. Wakamwaga wavu. Maboya yakazama. Safari hii Agrafina hakusema ni wengi, aliuma mdomo tu. Wakavuta. Ikapanda mifuko miwili mitatu ya kale, myeusi kwa tope, na katikati yake samoni wanapiga mikia, wengi, wakubwa. Agrafina akapiga kelele mpaka boti ya jirani ikageuka.

Nikifor alikuwa amekaa ukingoni mwa boti, mikono magotini.

"Furahi basi, jamani!"

"Nimefurahi."

"Mbona sura hiyo?"

"Ndo hiihii, nyingine sina. Vuta, kabla hawajafunga mto."