Kura Yangu Iliyosikika Mpaka Barabarani

Nawasimulia mie mwenyewe, maana mkimsikiliza Shangazi Atija ataongeza chumvi, na aibu hii haihitaji kiungo.

Kikundi chetu cha tufo, ngoma yetu wanawake ya kuimba na kucheza, hapa kijijini Mute, Msumbiji, kilitaka kuchagua wa kuongoza nyimbo. Shangazi kaishika nafasi hiyo tangu mie sijaota meno, na sauti yake siku hizi (Mungu anisamehe) ni bawaba isiyotiwa mafuta, ila nani athubutu kumnyooshea mkono Muajuma, mwenzetu mwenye sauti tamu, mbele yake? Basi mie, mtu ambaye safari yangu ndefu ni kisimani, nikajitia mjuzi: kaka yangu wa mji wa Pemba anasomea informática, mambo ya kompyuta, kaniundia kura ya kwenye simu.

"Kura inakwenda kwenye kompyuta ya kukodi huko ng'ambo," nikawahutubia uani, "wapangaji wengi, mashine moja. Lakini ndani ya chipu yenyewe kuna chumba kimefungwa, kura zinahesabiwa humo humo, hata mwenye mashine haoni. Na kabla hujatuma, kinatoa hati kwamba hakijaguswa." Nikawaonyesha tiki ya kijani.

"Na mwenye mashine akileta shoka?" akauliza shangazi.

"Atapata vipande vya chuma, shangazi. Kura hapati."

"Haya, profesora. Anza wewe."

Nikaingia ndani, nikafunga mlango, dirisha nikalitia kanga (tahadhari hiyo!). Sasa, simu ile ndiyo iliyokuwa ikitupigia ngoma za mazoezi kwenye koluna, lile spika kubwa la pale uani, na kuikata niliona uvivu, si tutacheza tena baadaye? Na yenyewe ni simu ya bibi yangu, macho yake hayaoni vyema, kwa hiyo kila unachobonyeza inakisoma kwa sauti.

Nikabonyeza. Koluna ikanguruma mpaka barabarani: "Voto: Muajuma. Confirmado." Kireno hicho: kura ni ya Muajuma, imethibitishwa.

Kwa kiwewe nikabonyeza tena, nifute. Ikarudia.

Nje wote wakamgeukia shangazi. Halafu shangazi: "Mwanangu! Kweli, mwenye mashine hajajua. Mie nimejua!"

Wenzangu wakaanguka kwa kicheko, kisha kwa woga wakanyoosha mikono, wote kwa shangazi, hata Muajuma mwenyewe.

Sasa shangazi katunga wimbo wa mwali aliyejifungia chumbani, siri yake ikatangulia kutoka. Kila harusi anautoa, sie tunaitikia, na mie naitikia kuliko wote. Chumba cha kwenye chipu sina ugomvi nacho, kazi yake kilifanya. Niliyeropoka mlangoni ni mie. Kura nyingine, naapa, nampa shangazi, tena kwa mikono miwili.