Koki Chini ya Kibanda cha Mlinzi

Watu wakisema shirika letu la maji linaendeshwa na Mkurugenzi, mimi huangalia pembeni nisicheke. Kwa miaka kumi na tisa liliendeshwa na mwanamke mmoja mfupi aliyekaa katika chumba cha nyuma ya ngazi, mwenye makabati kumi na manne, simu ya mezani na kikombe cha chai iliyopoa. Tulimwita Mama Jalada. Cheo chake kilikuwa karani wa kumbukumbu, lakini ofisi zetu zote kumi na moja zilimjua kwa sauti.

Mimi ni msimamizi wa mafundi wa mabomba, mtu wa matope, na karatasi sina subira nazo. Nikikwama shimoni nilimpigia. "Dada, ramani ya bomba la kiwanda cha nguo."

"Salamu imekushinda? Kabati la sita. Usitafute kiwanda cha nguo, tafuta kiwanda cha sabuni. Ndilo jina lake la zamani."

Kisha wakubwa wakanunua mfumo wa kompyuta wa kuhifadhia nyaraka zote, kila idara ikaagizwa kuingiza za kwake. Tukaingiza kama tulivyojua wenyewe. Idara ya ramani peke yake ilikuwa na nyaraka zaidi ya mia mbili zilizoitwa "Mpya", "Mpya ya mwisho", "Ya mwisho kabisa", na moja, nadhani ya mtu aliyekwisha kukasirika, iliitwa "Hii ndiyo". Ukitafuta bomba unaletewa barua ya likizo ya mwaka juzi. Basi tukarudi kwenye simu ya Mama Jalada, naye hakuchukia hata kidogo. Nilimwona kwa macho yangu: ikilia tu, ananyoosha mgongo.

Tatizo lilikuwa macho yake. Alikuwa na mtoto wa jicho, pande zote mbili. Daktari alisema jicho la kushoto lipasuliwe mara moja, na la kulia lisipitishe miezi sita, la sivyo asije akamlaumu mtu. Mama Jalada aliahirisha mara tatu. Mwishowe dada yake mkubwa, mwanamke asiyebembeleza mtu, alimfikisha hospitali Jumanne asubuhi, akamnyang'anya simu na kuizima.

Saa tatu ya asubuhi hiyohiyo, bomba kubwa nyuma ya hospitali likapasuka.

Ili tulizibe ilibidi kwanza tufunge koki kuu, na koki kuu haikuonekana. Kompyuta ilituletea ramani tisa, kila moja ikiapa kwa mahali pake. Tukachimba mashimo matatu tukaambulia mizizi na sufuria kuukuu. Nikapiga simu ya Mama Jalada mpaka kidole kikauma. Ndani ya hospitali matangi yalikauka, vyumba vya upasuaji vikafungwa, na katika wodi ya wazazi wauguzi walikuwa wakibeba maji kwa ndoo.

Nilipoingia na mapipa ya maji nikamkuta Mama Jalada koridoni, juu ya benchi, amevaa gauni la kijani la wagonjwa, amenuna. Upasuaji wake nao ulikuwa umesimamishwa.

"Dada! Koki ya hapa iko wapi?"

"Chini ya kibanda cha mlinzi, lango la nyuma," alisema bila hata kufikiri. "Walijenga juu yake, nikawapigia kelele, hawakunisikia."

"Na hilo limeandikwa wapi?"

"Halijaandikwa," alisema taratibu. "Si huwa mnaniuliza?"

Tulikibomoa kibanda, mlinzi akitutazama kama wezi, na kufika adhuhuri maji yakarudi. Mama Jalada akapasuliwa Alhamisi. Nilimtembelea kwao na machungwa, nikitarajia kumchekesha. Hakucheka.

"Kuna mwanamke amejifungua kwa maji ya ndoo," aliniambia, "kwa sababu mimi napenda kupigiwa simu."

Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga.

"Jicho la pili litangoja," akaongeza. "Silali tena kwenye kitanda cha hospitali na koki za watu kichwani."

Dada yake alifoka, mimi nikafoka, tukatwanga maji kwenye kinu. Aliporudi kazini na miwani yake myeusi alianza kupita ofisi kwa ofisi, akiwa na daftari. Aliwafuata hata wastaafu majumbani. Swali lake lilikuwa moja: "Ukiwa shimoni, mvua inakunyeshea, hiki ungekitafuta kwa jina gani?" Jibu la mtu ndilo aliloliandika kwenye kompyuta, pamoja na jina la zamani la mahali na jina la anayepajua. Zile "Mpya ya mwisho" alizirudisha kwa wenyewe, wakazisome na kuchagua moja. Mkuu wa kompyuta akamwambia utaratibu ni namba, siyo maneno ya mafundi.

"Niletee fundi anayeita bomba kwa namba," alimjibu, "nami nitaziandika."

Hakuletewa. Mwezi wa nne tangu apasuliwe ukapita, wa tano ukaingia, na jicho la kulia likazidi kufifia. Nilimwona akiusogeza uso mpaka pua iguse kioo cha kompyuta. Niliogopa, nasema kweli.

Wiki iliyopita bomba likapasuka karibu na shule. Mhandisi wetu mpya, msichana mwenye mwezi mmoja kazini, alisimama matopeni, akaandika maneno matatu kwenye simu yake, akanyoosha kidole. "Koki iko pale, nyuma ya choo cha walimu." Ilikuwepo. Nikamwambia ampigie Mama Jalada amshukuru.

"Mama Jalada ndiye nani?" aliuliza.

Nilikwenda chumba cha nyuma ya ngazi kushtaki ukosefu huo wa adabu. Simu ya mezani ilikuwa kimya. Mama Jalada alinisikiliza, kikombe mkononi.

"Hebu rudia. Amesemaje?"

"Amesema, Mama Jalada ndiye nani?"

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akafuta meza, akachukua mkoba, akaizima simu yake mwenyewe.

"Nisindikize hospitali," alisema. "Na unishike mkono kwenye ngazi, sizioni vizuri."