Mvua ya Spika za Nyuma

Vumbi likipata joto ndani ya spika kuukuu hutoa harufu yake, kama nywele zilizoguswa na moto. Niliinusa tena juzi, hapa kwetu mtaani Wabera, nilipowasha kompyuta ya zamani nitafute nakala za vyeti vyangu. Vyeti sikuvitafuta tena. Nilikaa nikitazama misumari miwili iliyobaki juu ya dirisha na kufikiri, jambo ambalo nimelifanya kupita kiasi tangu nihitimu.

Misumari ile ilishikilia spika za nyuma. Kaka yangu Guyo alizipata spika sita kwa fundi wa mtaani, seti nzima, lakini kompyuta yetu ilikuwa na tundu moja tu la sauti. Zote zikawa zinasema kitu kimoja kwa pamoja, kama darasa la chekechea. Guyo alikereka. Alinieleza kwamba sikio halidanganyiki hivyo. Kila spika lazima iseme sehemu yake, kutoka pembe yake, ndipo mtu aamini yuko ndani ya jambo lenyewe. Akatafuta kadi ya sauti yenye matundu matatu: waya wa kijani kwa spika za mbele, mweusi kwa za nyuma, wa rangi ya machungwa kwa ile ya katikati pamoja na boksi la besi. Kisha akaingia kwenye mipangilio, akaiambia kompyuta spika ni sita, si mbili.

"Kaa katikati, funga macho," aliniambia. "Sauti inatoka wapi?"

"Nyuma. Ama ni mbele kidogo? Ngoja."

"Wewe hata ukiulizwa jina lako utaomba muda ufikirie."

Chini ya spika za nyuma, mgongo ukiegemea ukuta, ndipo alipokaa Akko, bibi yetu mzaa baba. Alikuwa ameletwa kutoka Sericho wakati wa ukame, macho yake yameingia ukungu. Mji hakuupenda. Maji yetu yananuka bomba, alisema, na maziwa ya pakiti hayana mama. Kila asubuhi alimuuliza baba ni lini atarudi kwa ng'ombe wake, na baba akamjibu, "Mvua ikinyesha nitakupeleka." Mama aliongeza kwamba mchungaji wa ng'ombe amepiga simu, anasalimu. Guyo alisema amesikia kuna mawingu upande ule. Nyumba nzima ilijua kwamba hakuna ng'ombe hata mmoja aliyebaki.

Jumapili moja alasiri Guyo alifunga mapazia, akaweka filamu. Mbele yetu watu walikuwa wakizozana ndani ya nyumba. Nyuma, peke yake, mvua ikaanza. Kwanza matone machache, kisha ikamwagika. Mimi mwenyewe niligeuka kutazama dirisha.

Akko aliinua uso. "Alhamdulillahi," akasema polepole, akapapasa ukuta hadi chumbani. Tulidhani ameenda kuswali. Alirudi amevaa viatu, nguo zake amezifunga kwenye shuka, kibuyu chake cha maziwa mkononi.

Guyo akasimamisha filamu.

"Imekata ghafla hivi?" Akko akauliza.

"Akko, hiyo ni ya kompyuta."

"Usinichezee, kijana. Ilikuwa hapa dirishani."

Guyo akatabasamu; kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Wakati huo baba aliingia akitoka msikitini, akamkuta mama yake amesimama karibu na mlango na mzigo wake.

"Mwanangu, imefika. Nipeleke."

"Ni filamu ya watoto, Mama."

"Basi nitangoja ya kweli," alisema bila hasira. "Ng'ombe nao wanangoja."

Baba angeweza kunyamaza. Labda ni kile kibuyu kilichomshinda, jinsi kilivyosuguliwa na kufukizwa moshi tayari kwa kukamua. Aliketi.

"Mama, hakuna ng'ombe."

"Hata yule mwekundu?"

"Hata yeye."

Akko akakiweka kibuyu chini. "Watoto walijua?"

Boksi la besi liliendelea kunguruma kwa chini, ule mngurumo unaobaki filamu ikisimama.

Guyo alikuwa sahihi kuhusu sikio. Baba alisema sehemu yake, mama naye yake, Guyo naye yake, kila mmoja kutoka pembe yake, na Akko akaamini. Siku hizi ni mimi niliyekaa katikati. Baba anasema kazi itatokea, mama anasema kuna mtu ameniulizia, Guyo anasema mambo yanafunguka. Nami hufumba macho nikijaribu kujua sauti inatoka wapi.

Mvua ya kweli ilikuja baadaye mwaka ule. Mabati yalipiga kelele hadi hatukusikizana, tukakimbia nje na mabeseni. Akko hakuinuka. Niliporudi ndani nimelowa, nilimkuta amegeukia ukuta, kibuyu chake kimekauka pembeni.

"Mwambie kaka yako azime," alisema.

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikaanza hata kumweleza, kwa upole wa kitoto, kwamba safari hii ni yenyewe. Ni baada ya miaka mingi ndipo nilipokumbuka kwamba mlango ulikuwa wazi, harufu ya udongo uliolowa imejaa nyumba nzima, na harufu hiyo Akko aliijua kabla baba hajazaliwa.